Busia haihitaji kalamu nyekundu

Kila msimu wa bajeti huzuka makala ya kutaka magavana wa Kenya waruhusiwe kufyeka kifungu kimoja kimoja cha matumizi, kama wenzao wengi wa Marekani. Eti ndiyo dawa ya wawakilishi wa wadi wanaojipendelea.

Gavana wa Busia hana mikono mitupu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa siku 14 kutia saini mswada au kuurudisha bungeni pamoja na sababu zake. Bunge likitaka kumpuuza, sharti lipate theluthi mbili. Mpeni kalamu, na barabara ya wadi ya mpinzani wake itakuwa ya kwanza kufutwa.

Na huko Marekani? Mwaka 2023 Tony Evers, gavana wa Wisconsin, alifuta "20" na kistari katika "2024-25". Ikabaki 2425! Nyongeza ya fedha za shule ikarefushwa miaka 400, na 2025 Mahakama ya Juu ya jimbo ikabariki.

Tororo, ng'ambo ya mpaka, haina gavana. Baraza la wilaya hupitisha bajeti, ila sehemu kubwa ya fedha hutoka Kampala ikiwa imekwisha kupangiwa kazi. Wanaoona madaraka ya Busia ni haba wangepiga hodi huko kwanza.