Chokoleti na ndege ya kivita
Kazi yangu ni kuwafanyisha mazoezi waliopooza, kwa hiyo habari za Jan Scheuermann, mwanamke aliyepooza wa Marekani, nazifuatilia kwa wivu kidogo. Mwaka 2012, huko Pittsburgh, vifaa viwili vilivyopandikizwa kwenye ubongo wake vilimwezesha kuusogeza mkono wa roboti kwa fikra tu, akajilisha chokoleti. Miongoni mwa wafadhili: DARPA, shirika la utafiti la jeshi. Baadaye mama huyohuyo akarusha kwa fikra ndege ya kivita F-35, ya kwenye kompyuta tu, lakini hapo ndipo ninapokunja uso. Wagonjwa wangu wangesaini karatasi yoyote ili washike kijiko. Basi karatasi hiyo iseme waziwazi, kabla ya kisu, kama data za ubongo wao zinakwenda hospitali au kambini.