Sinema ya Mfukuza-Pepo: Wenye Kuilaumu na Wenye Kuicheka

Iko sinema moja ambayo Wakristo wengi huisema vibaya bila kuiona, na wengine wengi huiona bila kuifahamu. Jina lake ni The Exorcist, ndiyo kusema Mfukuza-pepo. Ilianza kuonyeshwa huko Marekani siku ya pili ya Noeli, mwaka 1973. Aliyeitengeneza ni William Friedkin. Aliyeitunga hadithi ni William Peter Blatty, Mkatoliki, mtoto wa wazazi waliotoka Lebanoni, mwanafunzi wa zamani wa Wajezuiti katika Universite ya Georgetown. Kitabu chake kilitoka mwaka 1971 na kikasomwa na watu mamilioni.

Watu wa kwanza husema: sinema hii ni ya shetani, mwenye kuitazama amemfungulia mlango wa nyumba yake. Watu wa pili husema: ni mchezo wa kutisha tu, keti, kunywa, cheka. Nataka kubishana na hao wote, tena na Bwana Friedkin mwenyewe, ingawa amekufa mwaka 2023 na hawezi kunijibu.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mama mmoja mchezaji wa sinema anakaa Georgetown, katika mji wa Washington, pamoja na binti yake Regan wa miaka 12. Mama huyo hana dini. Mtoto anaanza kubadilika: kitanda chatikisika, maneno machafu yamtoka, sauti si yake. Mwishoni wanakuja mapadri wawili, Padre Merrin aliye mzee, na Padre Karras aliye kijana na mganga wa akili. Wote wawili wanakufa. Mtoto anapona. Blatty hakuibuni yote kichwani mwake. Mwaka 1949, alipokuwa bado mwanafunzi, magazeti ya Washington yaliandika habari za kijana wa miaka 14 wa Maryland ambaye mapadri walimwombea sala za kufukuza pepo. Habari ile haikumtoka moyoni kwa miaka ishirini.

Sasa ninyi mnaosema ni sinema ya shetani, nawauliza: mliitazama nusu ya kwanza? Mama yule hakukimbilia kwa padre. Alikwenda kwa waganga wa hospitali. Wakamchoma mtoto sindano shingoni, wakapiga picha za ubongo wake, wakamwita mganga wa akili, kisha mwingine, kisha wengi pamoja. Sinema haiwacheki waganga hao. Wanafanya kazi yao kwa bidii mpaka akili yao inafika mwisho. Na Padre Karras anapoitwa, je, anakimbia kuchukua msalaba? Hata. Anamnyunyizia mtoto maji ya bomba, maji matupu, akisema ni maji ya baraka. Mtoto anapiga kelele kwamba yanamchoma. Padre anaona katika jambo hilo sababu ya kutosadiki. Anarekodi sauti, anasikiliza usiku, anapima. Kisha anakwenda kuomba ruhusa kwa Askofu, na Askofu hampi kazi hiyo peke yake. Anamtafuta mzee mwenye mazoezi.

Hiyo ndiyo sheria ya Eklezia yenyewe. Kitabu cha ibada cha mwaka 1614 kinamwonya padre, kabla ya mambo mengine, asisadiki kwa urahisi kwamba mtu ana pepo. Kanuni ya 1172 ya Sheria ya Eklezia ya mwaka 1983 inasema hakuna mwenye haki ya kufanya ibada hiyo pasipo ruhusa wazi ya mkubwa wa jimbo, na ruhusa hupewa padre mwenye ibada, elimu, busara na maisha safi. Kitabu kipya cha sala hizo kilitolewa mwaka 1999, nacho kinashika agizo lile lile. Nionyesheni basi sinema nyingine iliyopata kuwafundisha watu mamilioni kwamba mgonjwa hupelekwa kwanza kwa mganga.

Somo hilo latufaa sisi kuliko Wamarekani. Katika miji yetu ya Kongo mtoto akikojoa kitandani, akianguka kifafa, au baba akifukuzwa kazi, mara anatokea mhubiri mwenye kipaza sauti. Jioni moja yamtosha: huyu ni mlozi! Mtoto anafungiwa, ananyimwa chakula siku nyingi, anapigwa ili aungame amekula nani. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, imekataza kabisa kumshitaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kosa hilo. Watoto wangapi wangali wanalala sokoni kwa ajili ya maneno ya wahubiri hao? Na wahubiri hao hao ndio wanaopiga kelele kwamba The Exorcist ni sinema ya pepo.

Angalieni vema ni nani anayeteswa katika sinema hii. Ni kweli, Regan amefungwa kitandani, lakini kwa vitambaa laini, asijiumize. Hakuna anayemwuliza amemla shangazi yupi. Hakuna anayesema ana hatia. Mapadri wanapiga magoti kando yake katika baridi (chumba kilipozwa kwa mashine hata pumzi zao zikaonekana kama moshi), wanasali, wanatukanwa, wanatemewa matapishi usoni. Mateso yanawaangukia wao. Padre Merrin, mwenye ugonjwa wa moyo, anakufa sakafuni. Linganisheni na yule mhubiri anayetoka katika chumba cha maombi na bahasha mfukoni.

Lakini ninyi wa pili msifurahi mapema. Mwaka 1973 watu walipiga mistari mirefu mbele ya majumba ya sinema, wengine wakazimia ndani, na waliporudi nyumbani walisimulia nini? Shingo iliyogeuka mpaka nyuma. Matapishi ya kijani. Na tendo moja la msalaba ambalo sitaliandika hapa. Sala hawakuzikumbuka. Kosa hilo si la watazamaji peke yao. Katika kitabu, neno chafu laweza kurukwa kwa jicho. Picha hairukwi, inabaki. Tena aliyefanyishwa mchezo huo alikuwa Linda Blair, msichana wa miaka 13 na 14. Sauti ya pepo haikuwa yake, ilikuwa ya mwanamke mzima, Mercedes McCambridge, na matendo mengine walitumia mtu mwingine. Hata hivyo uso uliobandikwa majeraha ni wa mtoto, na sioni sanaa gani ilidai hilo.

Kosa kubwa zaidi ni la Friedkin, nami namlaumu kwalo waziwazi. Katika kitabu, na katika maandiko ya sinema ambayo Blatty mwenyewe aliyaandika (yakampatia tuzo ya Oscar mwaka 1974), mapadri wawili wanapumzika wakiwa wamechoka sana. Karras anauliza: kwa nini mtoto huyu? Merrin anajibu kwamba shabaha ya pepo si mtoto. Ni sisi tunaomtazama. Anataka tukate tamaa, tujione kama wanyama, tusadiki kwamba Mungu hawezi kutupenda viumbe wabaya namna hii. Hilo ndilo jibu la hadithi nzima! Friedkin alilikata, akiona lapunguza mwendo. Akabakiza maswali, akabakiza kelele, jibu akalitupa. Haishangazi kwamba watu wengi walitoka wakisema shetani ameshinda, maana waliona mapadri wawili wamekufa na hawakuambiwa neno. Blatty alinung'unika miaka mingi. Mwaka 2000 jibu lilirudishwa katika sinema, baada ya miaka 27, ingawa pamoja nalo waliongeza pia mtoto anayeshuka ngazi kama buibui. Hilo la buibui halikumkosesha mtu usingizi wa kiroho.

Naye Blatty simwachi hivi hivi. Mwishoni Karras anamshika mtoto na kumwambia pepo: nichukue mimi. Pepo anamwingia, na padre, akiwa amebakiwa na nguvu kidogo ya nia yake, anajitupa dirishani asimwue mtoto. Kwa masimulizi ni jambo kubwa. Kwa imani si sawa. Padre hana ruhusa ya kumkaribisha pepo mwilini mwake, hata kwa mapendo. Pepo hufukuzwa kwa amri katika jina la Yezu Kristo. Si mzigo wa mahindi unaohamishwa toka kichwa hiki mpaka kile. Wapo waliosema pia kwamba Karras alijiua. Hao siwafuati. Tazameni chini ya ngazi zile za mawe: mwenzake Padre Dyer anapiga magoti barabarani, anamwuliza kama anataka kuungama, na mwenye kufa, asiyeweza tena kusema, anambana mkono. Kisha Dyer anamwondolea dhambi. Aliyecheza kama Dyer alikuwa padre kweli, Mjezuiti William O'Malley, na maneno yale alikuwa amezoea kuyasema. Dakika hiyo moja yapita matapishi yote.

Limebaki neno ambalo Wazungu wenye kuandika juu ya sinema hii hulipita upesi. Padre Merrin alipata wapi mazoezi yake? Katika Afrika, sinema yasema, ambako alipigana na pepo miezi mingi karibu afe. Neno dogo, lakini liliota mizizi. Mwaka 1977 John Boorman alitengeneza sinema ya pili, akatupeleka Afrika ya nzige na wachawi. Mwaka 2004 Renny Harlin, na mwaka 2005 Paul Schrader, kila mmoja alitengeneza ya kwake juu ya ujana wa Merrin, wote wawili katika nchi ya Turkana, Kenya ya wakati wa Waingereza. Na pepo anayewafikisha kote huko ni Pazuzu, wa Waashuru wa kale, ambaye sanamu ya kichwa chake wanawake wenye mimba walivaa shingoni iwakinge! Hivi katika Washington yote hapakuonekana mahali pa kutosha pa kuzaliwa shetani, mpaka akodishiwe nyumba kwetu?

Viongozi wa vijana walioniuliza kama waionyeshe parokiani: kwa watu wazima, ndiyo, ile ya mwaka 2000, na padre awepo chumbani mpaka mwisho ili watu wamwulize. Watoto wabaki nyumbani. Zile za Turkana msizitolee hata franka moja.