Joho la Alfajiri: Kabla ya Mkasi, Ridhaa ya Warithi

Ndugu msomaji, tuishio katika nyanda hizi za Dodoma tunaijua baridi ya Juni na Julai. Hapa Makutupora upepo wa alfajiri huipenya kanzu, na wa kwanza kuonja makali yake ni muadhini. Muadhini wetu ni mjomba wangu, mtu mzima sana, naye msimu uliopita alikuwa akija msikitini amejitanda shuka.

Sandukuni mwa marehemu mama yetu mlikuwa na kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa mkono, meta 3, zawadi aliyoletewa kutoka pwani. Niliazimia kumshonea mjomba joho. Mkasi u mkononi, mdogo wangu wa kike akaniuliza, "Kaka, kitambaa hiki ni chako?" Nikanyamaza. Mimi nisomeshaye darsa la mirathi nilisahau kwamba alichoacha maiti, baada ya mazishi, madeni na wasia, ni haki ya warithi wote, hata kiwe uzi. Tuko wanne, tungekigawa, kila mmoja angepata tambara. Nikawatafuta ndugu zangu mmoja mmoja, na wote wakaridhia kwa kauli. Sote ni watu wazima. Angekuwapo mrithi mdogo, fungu lake lisingeguswa.

Ndipo tukaanza kazi. Kwanza, kitambaa kifuliwe na kukaushwa kabla ya kupimwa, maana pamba ya mkono hunywea. Chetu kilikuwa na upana wa sentimita 90. Ukitaka mkato ulionyoka, vuta uzi mmoja wa mshindio, kisha ufuate alama yake. Kwa kuwa kitambaa hiki hufumuka upesi, piga mishono miwili ya cherehani, kisha kata katikati yake.

Kiwiliwili ni kipande kimoja cha sentimita 230 kwa 65, kinachokunjwa mabegani. Hakina mshono wa bega. Upande wa mbele tu, kata mstari wa katikati kutoka chini hadi kwenye kunjo. Hapo mabegani kata sentimita 8 kulia na 8 kushoto, kisha teremka kimshazari hadi ukutane na mstari wa mbele sentimita 20 chini: hiyo ndiyo shingo. Kutoka kipande kingine cha urefu wa sentimita 50, pata mikono miwili ya sentimita 45 kwa 50. Ule ukanda uliobaki ubavuni mwa kiwiliwili utatoa utepe wa upana wa sentimita 10 wa kuzungushia mbele na shingoni. Utaunga mara moja.

Shona mikono ikiwa bado bapa, katikati ya mkono ikae juu ya kunjo la bega. Kisha kunja joho ndani nje, ushone kwa mfululizo kutoka kiganjani, kupitia kwapani, hadi ubavuni; lakini acha wazi sentimita 20 za chini, mvaaji apate nafasi ya kurukuu na kusujudu. Utepe upigwe bandi kwanza, halafu cherehani. Mwisho kunja mapindo, upige pasi.

Tuchunge adabu mbili. Hariri haimfai mwanamume, kwa hiyo uliza nyuzi kabla ya kununua. Na pindo lisiburuzwe kwa kiburi. Sisi tulilikomesha juu ya vifundo vya miguu.

Kazi hii si ngeni kwetu. Ibn Batuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alieleza kwamba nguo zilizofumwa huko zilipelekwa hadi Misri, na kwamba wenyeji walimletea mavazi ya kuendea swala ya Ijumaa. Naye Mtume wetu (s.a.w.), kama alivyosimulia Bibi Aisha (r.a.), alikuwa akishona nguo yake mwenyewe. Basi vijana wa kiume wasiione sindano kuwa kazi ya dada zao.

Mabaki tuliyafanya mfuko wa tasbihi. Mjomba alipopewa joho, aliligeuzageuza, akauliza, "Hiki si kile kitambaa cha dada yangu? Wenzako wanajua?" Nilimjibu kuwa wote wanajua. Akalivaa, akatoka kuadhini.

Allah amrehemu mama yetu na wazazi wenu waliotangulia. Wabillahi tawfiq.