Krimu "ya miti" nayo huchubua

Muuza vipodozi akiulizwa kama krimu yake inachubua, jibu huwa moja: "Hii ni ya miti tu, dada." Kwani mti hauna kemikali?

Weusi wa ngozi unatokana na melanini, rangi inayotengenezwa na seli maalumu kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho tirosinesi. Glabridini ya mizizi ya likorisi hukizuia kimeng'enya hicho, na abutini, inayopatikana katika majani ya mimea fulani, hufanya vivyo hivyo. Basi mti unaweza kweli kupunguza rangi. Lakini abutini yenyewe ni hidrokwinoni iliyoungana na sukari, na hidrokwinoni ikipakwa muda mrefu huweza kuacha mabaka ya buluu iliyokoza, magumu kuondoka. Ndimu nayo, ambayo wengine husugua usoni, ikikutana na jua huunguza na kuacha doa jeusi kuliko mwanzo.

Singo ya bibi harusi, yenye liwa na manjano, ni jambo jingine. Hiyo husugua taka na kunukiza.

Hatari kubwa zaidi ni zebaki, ambayo hupenya ngozi na kudhuru figo. Mwaka 2023, nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana vipodozi vyenye zebaki viondolewe kufikia 2025. Ila makubaliano hayo yanahusu viwanda na mizigo ya bandarini. Kikopo kisicho na lebo, kilichokorogwa nyuma ya duka, hakipitii bandarini, na aliyekikoroga ndiye pekee ajuaye kilichomo.