Faksi ya kompyuta: nafuu ipo, lakini risiti iko wapi?

Mashine za kazi nyingi, zile zinazochapa, kutoa fotokopi, kuskani na kutuma faksi, ni bidhaa ya kawaida katika maduka ya vifaa vya ofisi, mpya na zilizotumika. Muuzaji anapozinadi hasahau kutaja kuwa faksi inatumwa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta bila kuchapa karatasi hata moja. Maneno hayo ni ya kweli. Hata hivyo, mfanyabiashara anayelipa fedha za ziada kwa ajili ya sehemu hiyo ya mashine anapaswa kujua ananunua nini, kwani faida iliyopo si hasa ile inayosifiwa dukani, na hasara iliyopo haitajwi kabisa.

Wapo wanaodai kuwa faksi imekwisha kufa na kwamba mjadala huu umepitwa na wakati. Wanakosea kidogo. Ni kweli kwamba Uingereza ilizuia hospitali zake za umma kununua mashine mpya za faksi tangu Januari 2019, na kuagiza zilizokuwepo ziondolewe hadi kufikia 31 Machi 2020. Lakini huko Japani, serikali ilipotaka kuifuta faksi wizarani mwaka 2021, ilipokea mamia ya pingamizi kutoka katika ofisi zake yenyewe na ikalegeza kamba. Nchini Marekani, hospitali na kampuni za bima bado zinatumiana karatasi kwa njia hiyo. Mwenye mteja au msambazaji katika nchi hizo anaweza kuombwa namba ya faksi leo hii, na kumjibu kuwa mambo hayo ni ya kizamani hakuleti oda.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Karani anafungua ankara katika programu yoyote, anabonyeza amri ya kuchapa, na pale penye orodha ya printa anachagua faksi. Kisanduku kinafunguka, anaandika namba, anatuma. Kompyuta inageuza ukurasa kuwa picha ya rangi nyeusi na nyeupe, inaikabidhi kwa mashine, na mashine inapiga simu.

Muuzaji atasema faida ni kuokoa karatasi na wino. Hiyo ni faida ya senti. Faida kubwa ni usomekaji. Faksi ya kawaida hubeba mistari 98 tu kwa kila inchi ya urefu wa ukurasa, na 196 ikiwekwa kwenye ubora wa juu. Karatasi iliyochapwa, ikapigwa muhuri, kisha ikapita tena kwenye skana ikiwa imepinda kidogo, hufika upande wa pili ikiwa imechakaa, na orodha ya bei yenye tarakimu ndogo inakuwa kitendawili: je, hii ni 3 au ni 8? Ukurasa uliotoka moja kwa moja kwenye kompyuta haupiti kwenye kioo, hivyo herufi hubaki zimenyooka. Kwa mtu anayenukuu bei ya tani za korosho au pamba, tofauti ya tarakimu moja inazidi gharama ya wino wa mwaka mzima. Ila karani aondoe kwanza vivuli vya kijivu katika majedwali. Vikigeuzwa kuwa vitone vyeusi huziba tarakimu, na ukurasa huchukua muda mrefu zaidi kwenye laini.

Sasa ije hasara. Kompyuta inaposema kazi imekamilika, maana yake ni moja tu: imekwisha kuikabidhi mashine. Haisemi kuwa faksi imefika. Mashine iliyoko korido ya pili inaweza kukuta laini ina shughuli, ikapiga tena mara mbili tatu, kisha ikakata tamaa kimya kimya huku karani amekwenda kunywa chai. Zamani karani alisimama mbele ya mashine hadi ikalia. Leo yuko mezani kwake na ana imani na kisanduku kilichofungwa kwenye kioo. Zabuni inayofungwa saa 10 jioni haijali imani hiyo.

Kwa sababu hiyo ofisi yoyote inayotuma faksi kwa kompyuta inapaswa kuiamuru mashine ichape taarifa ya utumaji kwa kila kazi, siyo kwa zile zilizoshindwa peke yake. Taarifa hiyo huonyesha namba iliyopigwa, saa, idadi ya kurasa na matokeo. Ndiyo risiti. Wanaolalamika kuwa inarudisha karatasi ile ile iliyookolewa wana haki ya kulalamika, lakini bila hiyo mtumaji hana cha kushika mkononi siku mnunuzi atakapokana. Na hata neno la kufaulu kwenye taarifa linathibitisha tu kuwa mashine fulani iliitika katika namba hiyo. Namba ikiwa na kosa, ankara imekwenda kwa jirani. Makosa mengi ya namna hii huzaliwa katika kitabu cha namba cha kompyuta: mtu anasahau tarakimu ya kutokea nje ya swichibodi, au anaandika alama ya kujumlisha pale ambapo mashine inataka 000.

Jambo la laini lisipuuzwe. Faksi ilibuniwa kwa waya wa shaba. Simu za mezani zinazotumia kadi ya simu ya mkononi nyingi hazibebi faksi, na simu zinazopita kwenye intaneti huikatakata isipokuwa mtoa huduma ameweka utaratibu maalumu, ule unaoitwa T.38. Kabla ya kulipia mashine, mnunuzi aulize kwanza laini, kwani mashine bila laini inabaki kuwa fotokopi ya bei mbaya.

Yapo pia mambo ya benki. Benki zinazokubali maagizo ya malipo kwa faksi kwa kawaida humtaka mteja asaini barua ya kinga, kwamba benki ikitekeleza agizo kwa nia njema, hasara ni ya mteja. Barua hiyo ilikuwa na maana pale ambapo mkurugenzi alisaini karatasi kwa kalamu yake. Faksi ya kompyuta haina kalamu. Ili ionekane kamili, ofisi nyingi huhifadhi picha ya sahihi na ya muhuri ndani ya kompyuta na kuzibandika. Tangu hapo yeyote anayekaa kwenye kiti hicho anaweza kuagiza fedha zitoke, na kinga imekwisha kusainiwa. Mfanyabiashara mwenye barua ya aina hiyo katika jalada lake afanye haraka kuifuta, au aiwekee sharti la benki kupiga simu kabla ya kulipa. Faksi ibaki kwa ankara, orodha za bei na nakala za hati za shehena.

Usalama wa mashine yenyewe nao si wa kubahatisha. Mwezi Agosti 2018, watafiti wa kampuni ya Check Point walionyesha jinsi printa za kazi nyingi za HP zilivyoweza kutekwa kwa kutumiwa faksi moja tu yenye picha ya hila, na mtekaji hakuhitaji zaidi ya kujua namba. HP ilitoa marekebisho, lakini hayajiweki yenyewe katika kila mashine iliyokwisha kuuzwa.

Mashine kubwa zilizotumika zina hatari nyingine. Nyingi zina diski ndani, na kurasa zilizopita huweza kubaki humo. Mwaka 2013 kampuni ya bima ya afya ya Affinity ya New York ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 1.2 baada ya kurudisha mashine za kukodi zikiwa na kumbukumbu za wagonjwa. Anayenunua mtumba wa ofisi ahakikishe pia kuwa nchi iliyowekwa kwenye sehemu ya faksi imebadilishwa, la sivyo mashine itadai haisikii mlio wa laini, na fundi atatoza fedha kwa kazi ya dakika mbili. Anayeuza mashine yake afute diski kabla ya kupokea malipo.