Kona ya Walimu: Mtoto asiyetulia

Mama mmoja alituuliza kama ile miwani ya michezo ya kompyuta, inayofunika macho yote, ingemsaidia mwanawe asiyetulia darasani. Hapa Bwera hatuna, tusidanganyane. Marekani mwaka 2020 serikali iliruhusu mchezo mmoja, EndeavorRx, wa tableti siyo wa miwani, kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye shida hiyo. Walitakiwa kucheza dakika 25 kwa siku, bila kuacha matibabu mengine.

Sisi tulimpa omweso: mashimo 32, kete 64. Mtoto tuliyekuwa tunamtoa nje kila siku (aibu yetu) alihesabu kete mpaka kengele ikalia. Siyo dawa, lakini tumemhamishia dawati la mbele. Mama, na ile fimbo ya nyumbani, tunaomba uiweke chini.