Kiatu cha Kukimbilia: Askari Ausikilize Mguu Wake

Askari hula kwa miguu yake. Awe wa jeshi au wa polisi, awe kuruta au mwenye nyota begani, alfajiri yu mbioni na kikosi, mchana yu kwenye kwata, na usiku yamkini yu lindoni, amesimama wima hadi mwenzake aje kumpokea. Kwa hiyo ni ajabu kwamba jambo la kiatu cha kukimbilia hufikiriwa mwisho kabisa, baada ya saa na simu ya mkononi. Na hata linapofikiriwa, huamuliwa kwa jina lililochapwa ubavuni mwa kiatu au kwa bei aliyoitaja muuzaji. Maoni yetu ni kwamba desturi hiyo inawapotezea askari fedha na magoti pia, ilhali yupo shahidi mwaminifu kuliko jina na bei, naye ni mguu wenyewe.

Yafaa kwanza tufahamu ni nini kinachompata mkimbiaji. Kila mguu unapotua, ardhi huusukuma kwa nguvu ifikayo mara mbili hata mara tatu ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 basi hupokea kishindo cha kilo 140 hadi 210, tena si mara moja, bali maelfu ya mara kabla jua halijapanda. Kishindo hicho huingia kwa wayo, kikapanda muundini, gotini na nyongani. Mifupa nayo hupenda kazi, na huzidi kuwa imara ikipewa kazi kwa kiasi pamoja na muda wa kujijenga. Lakini ikizidishiwa kwa ghafla hufanya nyufa nyembamba. Haya ni maradhi ya askari tangu zamani. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aliyeitwa Breithaupt alieleza miguu ya wanajeshi iliyovimba na kuuma kwa sababu ya mwendo mrefu, na hiyo ilikuwa miaka 40 kabla ya kugunduliwa kwa eksirei, hivyo ufa wenyewe hakuweza kuuona. Kuruta anayechechemea leo katika juma la nne la mafunzo, na ambaye mkufunzi wake anamwita mvivu, huenda anachechemea kwa sababu ile ile.

Je, kiatu cha bei kubwa kitamwokoa? Watafiti wa Dundee, Uskoti, walilijaribu swali hilo. Walichukua viatu vya kukimbilia vya watengenezaji watatu, vya bei ya chini, ya kati na ya juu, kati ya pauni 40 na 75, wakapima jinsi kila kimoja kinavyopunguza mkandamizo chini ya wayo, kisha wakawauliza wavaaji ni kipi kinachowastarehesha. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007: vile vya bei nafuu havikushindwa na vile vya bei ghali. Hatusemi kwamba kila kiatu rahisi ni kizuri. Tunasema kwamba fedha inayozidi, mara nyingi, hulipia jina na rangi, wala si goti.

Ipo imani nyingine iliyotawala kwa muda mrefu, hata majeshini, kwamba mtu akanyage karatasi kwa mguu wenye maji, umbo la unyayo wake litazamwe kama ni bapa au umeinuka, kisha achaguliwe kiatu kwa alama hiyo. Wamarekani waliipima imani hiyo kwa maelfu ya makuruta wa jeshi la nchi kavu, la anga na la Marines. Kundi moja lilipewa viatu kwa kufuata umbo la unyayo, na kundi jingine likapewa viatu vya namna moja tu. Taarifa zilizochapishwa mwaka 2009 na 2010 zilionyesha kwamba idadi ya walioumia haikutofautiana sana. Kwa upande mwingine, utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2001 uliwapa wanajeshi soli za ndani za namna sita na kumwachia kila mmoja achague ile iliyomstarehesha. Hawakuchagua namna moja, kila mtu alifuata mguu wake. Na baada ya miezi minne waliochagua walikuwa wameumia mara chache kuliko wenzao wasiopewa soli hizo. Starehe ya mguu, basi, si anasa ya mtu laini. Ni kipimo.

Abebe Bikila, askari wa kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, alilijua jambo hilo. Mwaka 1960, mjini Roma, inasimuliwa kwamba viatu alivyopata havikumkaa vyema, naye akaviacha, akakimbia kilomita 42 bila viatu na kuishinda dunia. Miaka minne baadaye, Tokyo, alishinda tena, safari hii akiwa amevaa viatu. Wapo wanaoisimulia habari ya Roma ili kumshauri askari atupe viatu leo hii. Wanakosea. Nyayo za Bikila zilikwisha kuzoea, na mguu uliolelewa ndani ya buti ukivuliwa ghafla na kutumwa kilomita kumi utavunjika mapema kuliko wote.

Tuje sokoni, maana huko ndiko mshahara unakokwenda. Askari wengi wa Kampala hununua viatu Owino, ambalo sasa laitwa Soko la Mtakatifu Balikuddembe, na wa miji mingine wana masoko yao ya mitumba. Hapana aibu katika mitumba, lakini kuna hila. Muuzaji hukiosha kiatu kikang'aa, ilhali uhai wa kiatu cha kukimbilia haumo katika ngozi ya juu; umo katika sponji iliyo kati ya mguu na soli ya chini, na sponji huchoka pasipo kuonekana. Ibonyeze kwa kidole gumba: isiporudi, au ikiwa imekuwa ngumu kama ubao, kiatu hicho kimekwisha. Kiweke juu ya meza kwa jicho la nyuma, maana kikiegemea upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza amekuachia mwendo wake, na goti lako litaufuata. Kikunje vilevile. Chapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati kama kitambaa, kirudishe.

Kisha kivae, vyote viwili, tena jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo mchana kutwa, na uvae soksi zile zile za mbioni. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kisigino kisicheze. Kimbia hatua ishirini mbele ya muuzaji, hata akicheka. Kikikubana leo usikubali kuambiwa kwamba kitapanuka, kwani kinachopanuka kwanza ni lengelenge. Na kikiwa kipya, hesabu umri wake: kwa kawaida huhesabiwa kilomita 500 hadi 800, na anayekimbia kilomita 25 kwa juma huzimaliza 600 kwa majuma 24. Baada ya hapo kiwe cha bustani.

Yote haya hayatamfaa askari ikiwa kikosi hakimpi nafasi. Buti ni silaha ya kazi, na askari hana budi kuzoea kukimbia nayo, lakini azoeshwe kwa mwendo mfupi unaoongezwa kidogo kidogo. Si busara kumpeleka kuruta wa juma la kwanza mwendo mrefu wa mbio kwa buti mpya na kisha kushangaa wagonjwa wakijaa zahanati. Katika bohari nyingi kuruta hutaja namba, hutupiwa jozi, huondoka. Namba ile huenda aliisikia alipokuwa mwanafunzi wa shule. Mwenye bohari anaweza kuanza na jambo lisilogharimu hata senti moja: kabla ya kugawa, kila kuruta apimwe miguu yote miwili, jioni, akiwa amesimama, jozi ifuate mguu ulio mkubwa, na apewe siku moja ya kuirudisha ikiwa yambana.